Yuro Nne na Senti Ishirini

Februari, Oulu. Nje nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Urho ameifumua mashine ya sidii juu ya meza yangu
kama daktari aliyenyang'anywa hospitali.
Skrubu sita zimo kwenye kifuniko cha siagi.
"Usipumulie huku," ananiambia.
Mimi nakata vitunguu.

Tuliinunua mwaka ule kiwanda cha karatasi
kilipompa mkono wa kwaheri,
na tangu hapo, asema yeye,
inaimba kama mtu aliyejifunika blanketi gubigubi.
Mimi husikia selo tu.
Selo ikilia, imelia.

Dukani kule Kempele wanauza waya wa fedha
kwa bei ya mashua na injini yake.
Urho aliushika, akaupima uzito kiganjani,
akaurudisha taratibu kama mtoto wa watu.
Hakusema neno hadi tulipovuka daraja.
Kisha: "Asiye na fedha ana mikono."

Basi ikawa mikono.

Pamba kwenye kijiti, spiriti tone moja,
lenzi yenyewe ndogo kuliko punje ya dengu.
Pamba ikatoka na weusi:
moshi wa sigara alizoziacha mwaka aliozikwa kaka yake.
Tukautazama, sote wawili.
Akaitupa pamba. Akachukua nyingine.

Mipira miwili ya tenisi ya mjukuu wetu Aapeli
ikapasuliwa kwa kisu cha mkate,
na mashine ikakalia zile nusu nne
kama kuku aliyelazimishwa kuatamia.

Ikaja zamu ya mchanga, wa kutuliza kifuniko kisitetemeke.
Akashuka na soksi yangu ya sufu
hadi kwenye sanduku la mchanga wa kumwaga njiani,
akapanda na kilo mbili.
Asubuhi tukakuta karatasi mlangoni,
mwandiko wa Hilkka Ojanperä wa ghorofa ya kwanza:
*Mchanga ni wa barafu.*

Akaigeuza plagi, kushoto ikawa kulia.
"Sasa je?"
"Sasa nini?"
Akaigeuza tena. "Na sasa?"
"Sasa vitunguu vinaungua."

Kwa peni ya kijani akaizungushia sidii ukingo,
ulimi nje, kama mtoto wa chekechea.
"Hili hata mimi siliamini," akasema,
na hakuacha hadi duara lilipokutana.

Jumamosi akaketi. Akafumba macho. Akakunja uso.
"Bado kuna kitu. Kama nyuki aliyenasa ukutani."

Nyuki huyo namjua.
Nimeishi naye miaka kumi na mmoja, nikimfuta vumbi mgongoni.
Nikainuka, nikaenda jikoni,
nikachomoa friji.

Kimya kikaporomoka nyumbani
kama theluji inapoachia paa.
Na kabla upinde haujagusa uzi
nikamsikia mpiga selo akivuta pumzi puani,
benchi la kanisa likalalamika,
na nyuma kabisa, karibu na mlango labda,
mtu akakohoa mara moja, kwa aibu.

"Umesikia?"
Nilikuwa nimesikia.
Mimi, ambaye kwa miaka yote hiyo
nilidhani selo ni selo.

Tuliisikiliza mara tatu, tukalala.
Asubuhi jikoni kuna ziwa.
Samaki wa majira yote ya kiangazi wamelegea,
kilo nane, macho yakitulaumu.

Spiriti, yuro mbili na senti tisini.
Peni, moja na thelathini.
Hesabu ya Urho inaishia hapo;
samaki hawataki kwenye daftari lake.

Nikapika sufuria kubwa, nikamwita Hilkka.
Alikuja na viatu vya ndani mfukoni,
akakaa wima, kijiko mkononi.
Friji tulishaichomoa.
Urho akabonyeza.

Pumzi. Benchi.
Hilkka akageuka ghafla kuutazama mlango wetu:
"Nani huyo amekohoa?"

Urho hakumjibu.
Alinitazama mimi,
mwekundu hadi masikioni.